Shahidi Mwenye Nia Mbaya

Twilumba Kihwele alikuwa amewahi kukataliwa na watu wengi, wakiwemo wachumba wawili na kamati moja ya ajira, lakini hakuwahi kukataliwa na kabati. Na Karani wa kituo cha majaribio ya tiba cha Nyamwilu, pamoja na sifa zake zote, alikuwa kabati tu: la chuma, lenye matundu ya kutolea sauti na kioo kidogo cha kusomea.

"Kamwene, mama," kabati lilisema. Waliolitengeneza walikuwa wamelifundisha salamu ya Iringa, wakaona kazi imekwisha. "Ombi lako la kushiriki limesitishwa. Hukufaa."

"Sikufaa kwa lipi?"

"Mwombaji ana haki ya kuuliza sababu kamili. Je, unauliza?"

"Kwani unadhani hapa naimba?"

Karani alichelewa kujibu, kama mtu anayetafuta faili ambalo hakuna aliyewahi kuliomba. "Shahidi wako aliulizwa anakutakia nini. Alijibu: 'Afe haraka, nimechoka kumsubiri.' Aliulizwa kama atanufaika na kifo chako. Alijibu: 'Nitachukua viatu vyake vya kupandia na yule jogoo.' Aliulizwa uhusiano wenu. Alijibu: 'Ni mateka wangu.' Sababu kamili: shahidi mwenye nia mbaya. Kwa usalama wako, ombi limesitishwa. Unaweza kuomba upya na shahidi mwingine kabla orodha haijafungwa, leo saa kumi jioni."

Twilumba akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akaegemea lile kabati kwa mikono miwili huku akitafuta pumzi, na hata hapo kicheko kilikuwa kinamtoka vipande vipande. Kisha kikakoma. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu asubuhi.

Jaribio lenyewe alikuwa amelitafuta kwa jasho. Wiki tatu alikwenda zahanati kila siku kufungua Daftari la Majaribio, akasoma mistari mia nne ya tiba zinazotafuta watu, nyingi zikitaka vijana, au wanene, au wakazi wa pwani. Mstari wa mia tatu na kumi ndio uliokuwa wake: makovu ya mapafu yatokanayo na vumbi la nyuzi za kioo. Miaka thelathini na moja alikuwa amepanda minara ya upepo ya mlimani kwao, akisugua na kuziba nyufa za mabawa, na vumbi la mabawa hayo lilikuwa limemganda kifuani. Dawa iliitwa wafagiaji. Ilitengenezwa kwa chembe za shavu la mgonjwa mwenyewe zilizofunzwa kula kovu, halafu mgonjwa huzivuta kama mvuke. Nusu ya washiriki wangevuta mvuke mtupu, na hata daktari asingejua nani kapata nini. Twilumba alilipima hilo siku tano, akasema sawa. Nusu ya bahati ilikuwa kubwa kuliko aliyokuwa nayo nyumbani.

Lililobaki lilikuwa shahidi. Tangu Sheria ya Ridhaa ipite, hakuna mtu aliyeruhusiwa kukubali jaribio akiwa peke yake. Ndugu hawakutakiwa, maana ndugu humsukuma mgonjwa au humficha. Alitakiwa mtu asiye wa damu, akujuaye vizuri, aingie kwa Karani peke yake na kuulizwa kama una akili zako, kama kuna anayekulazimisha, kama unajua unaloliendea. Maneno yake hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuyasikia, isipokuwa mwombaji mwenyewe, na tena akiuliza.

Huko kwingine watu walikwenda na majirani. Mlimani hakuna aliyejiuliza mara mbili. Mtu asiye ndugu, akujuaye mpaka ndani, asiyekuogopa, na akwambiaye ukweli usoni hata penye msiba? Huyo ni mtani. Na Mhehe, mtani wake ni Mngoni.

*

Mngoni mwenyewe alikuwa kwenye benchi la nje, amejifunika koti la mvua kwa sababu ya ukungu, anatafuna hindi la kuchemsha. Kandidus Mapunda alikuwa mwendesha kreni. Miaka ishirini na sita yeye alikuwa chini kwenye usukani na Twilumba juu kwenye kamba, na katika miaka hiyo yote hawajawahi kuongea kwa heshima hata siku moja.

"Wamekuchukua?" aliuliza. "Au wameona mapafu ya Kihehe hayana cha kuokoa?"

"Umewaambia nife haraka."

"Nimewaambia. Nikawaambia pia babu zako walipowaona babu zangu walikimbia wakasahau na mbeleko. Sijui kama wameandika."

"Babu zako ndio waliokimbia, mpaka leo mnatafuta njia ya kurudi Songea. Sikiliza, Kandidus. Wamekuandika shahidi mwenye nia mbaya. Wamenikataa."

Kandidus aliacha kutafuna. Alimtazama usoni ajue kama anamrushia utani tu, akaona hamrushii. Hindi akaliweka kwenye benchi, akavua kofia, halafu akaivaa tena, maana hakujua aifanye nini. "Kwa maneno yangu?"

"Kwa maneno yako."

"Lakini nilijibu vizuri! Nilikuwa nimejiandaa tangu jana!"

Hapo Twilumba akakumbuka kitu kilichomfanya aketi. Mwezi wa tano, Edo Chengula wa mnara namba arobaini alikwenda Nyamwilu, akarudi siku ileile. Alipoulizwa, alisema neno moja tu: "Sikufaa." Hakutaka kulizungumza tena. Mwezi wa nane wakamzika. Mtani wake, binamu wa Kandidus, aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali na kugoma kutoka, akisema shimo hili ni zuri mno kwa Mhehe, na wafiwa wakacheka huku wanalia, kama ipasavyo.

"Edo alikwenda na nani kwa Karani?" Twilumba aliuliza.

Kandidus hakuhitaji kufikiri. "Na huyohuyo aliyelala kaburini," akasema taratibu.

*

Daktari Raya Hamad alikuwa mtu wa Wete, mwezi wake wa nne Nyamwilu, na baridi ilikuwa haijamsamehe bado. Alivaa sweta mbili juu ya baibui na mikono yake haikuachana na kikombe cha chai. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho.

"Utani naujua," alisema. "Hata kwetu upo. Sikujua tu kama kuna mtu angeuleta mbele ya sheria."

"Sisi tunauleta mpaka kaburini, daktari," Kandidus alisema. "Sembuse kwenye kabati."

"Basi hili ni jepesi, Mama Kihwele. Una mtu mwingine? Jirani? Anaweza kuulizwa hata kwa simu. Dakika ishirini, na kesho kutwa unavuta mvuke. Nafasi yako ipo. Ni ya mwisho kwenye orodha, lakini ipo."

Jirani alikuwepo, mama mmoja mpole wa kanisani ambaye angejibu kila swali kwa sauti ya ubatizo. Twilumba alikuwa tayari amelishika jina lake mdomoni. Badala yake akauliza, "Kuna wangapi wamekataliwa kwa shahidi mwenye nia mbaya?"

Daktari aligusa kioo chake. Maneno ya mashahidi hakuruhusiwa kuyaona, lakini hesabu aliruhusiwa. "Kumi na wanane, bila kukuhesabu wewe," alisema. Akagusa tena, na uso wake ukabadilika. "Wote kutoka minara ya huku juu. Dodoma hakuna. Tanga hakuna." Alikiweka kikombe mezani. "Mungu wangu. Mimi nilimwandikia mama yangu kwamba watu wa huku ni wakarimu lakini wana roho ngumu."

"Na hakuna aliyeuliza sababu?"

"Hakuna. Wote waliambiwa hukufaa, wakaondoka."

Twilumba alihisi hasira inampanda, nayo ilimpanda vizuri, ikamnyoosha mgongo. Aliwajua hao watu hata bila kutajiwa majina. Wengi wao yeye ndiye aliyewafundisha kufunga mkanda. Watu waliopanda mita tisini kila siku kwa miaka ishirini, upepo ukiwapiga mbavuni, ili taa ziwake mpaka mikoa wasiyowahi kufika. Watu waliotembea mjini wakiinua macho kila walipoona balbu, kwa sababu ile balbu ni yao. Wakaambiwa hawafai, wakaamini kwamba ni mwili umewaumbua, wakaenda kufa kimya kwa aibu. Edo, ambaye alipata kushuka mnara na mwenzake mgongoni, alikufa akidhani hakutosha.

"Daktari, hilo kosa lirekebishwe."

"Mimi siruhusiwi kuigusa foleni. Mtumishi yeyote wa jaribio haruhusiwi, tusije tukaingiza tunaowapenda. Njia ni moja, inaitwa pingamizi. Analileta aliyekataliwa, ndani ya siku saba tangu akataliwe. Wale wengine siku zao zimekwisha zamani. Umebaki wewe."

"Basi naingia, halafu naleta pingamizi nikiwa ndani."

"Ukishaingia, wewe si mtu uliyekataliwa tena. Huna cha kupinga. Na ukileta pingamizi, jalada lako linafungwa mpaka liamuliwe. Likipita, mafaili yote kumi na tisa yanafunguliwa kwa awamu ijayo, kwa mpangilio wa waliotangulia kuomba. Leo saa kumi nafasi yako inakwenda kwa mtu mwingine."

"Awamu ijayo lini?"

"Baada ya miezi saba. Ikiwahi."

Hakuna aliyeuliza swali lililofuata, kwa sababu picha ya mapafu yake ilikuwa ukutani, nyeupe palipotakiwa kuwa peusi, na chini yake daktari mwenyewe alikuwa ameandika makadirio: miezi minane.

*

Walitoka wakasimama kwenye baraza. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na upande wa mashariki minara sita saba ilionekana, mabawa yakizunguka bila haraka.

Kandidus alikohoa ingawa hakuwa na kikohozi. Akasema, "Dada Twilumba."

Akageuka kumtazama. Miaka ishirini na sita hajawahi kuitwa dada na huyu mtu.

"Dada, nakuomba," Kandidus aliendelea, macho yake kwenye sakafu. "Mpigie jirani yako. Ingia. Mimi ndiye nimekuharibia, na hao wengine ni sisi tuliowaharibia, kwa midomo yetu. Hilo ni letu, tutalibeba. Wewe ingia upone. Nakuomba kwa heshima."

Maneno yalikuwa mazuri, na yalimtia Twilumba baridi kuliko ukungu wote wa asubuhi ile. "Usinisemeshe kama maiti," alisema.

"Sikusemeshi kama maiti."

"Hata maiti hamumsemeshi hivyo. Kandidus, mimi naogopa. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Usiku nalala nimekaa. Naitaka hiyo dawa mpaka mdomo unanikauka. Nikimpigia yule mama, saa tano hii nimeshakubaliwa, na hakuna atakayenilaumu, hata mke wa Edo." Alivuta pumzi, ikaja nusu. "Lakini nitakuwa nimeingia kwa kusema kwamba wewe ni mtu mbaya. Ndivyo litakavyobaki limeandikwa. Kwamba watu wangu wote wana marafiki wanaowatakia kifo, na mimi peke yangu nikapata mmoja wa kanisani. Na wengine watazidi kuja, na kila atakayekuja atakuja na mtani wake, kwa sababu ndivyo tulivyo. Nani atawaambia wasije hivyo? Na kwa nini waambiwe?"

"Miezi minane, Twilumba."

"Kusoma najua."

Alisimama kidogo akiyatazama mabawa. Alijua lipi lilikuwa na nyufa na lipi aliliziba mwenyewe mwaka wa mvua kubwa. Alijivuna, naye hakuona sababu ya kuficha majivuno yake. Kisha akageuka, akarudi ndani, Kandidus akimfuata nyuma bila neno, jambo ambalo pia halijawahi kutokea.

Kwenye kioo cha Karani palikuwa na sehemu mbili za kuweka kidole gumba. Moja iliandikwa *Omba upya*. Nyingine, chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa *Pingamizi*. Daktari Raya alikuwa amesimama mlangoni. Twilumba alipangusa kidole kwenye kitenge chake, akakibandika chini.

"Pingamizi limepokelewa," kabati lilisema. "Jalada limefungwa. Ushahidi wa pingamizi hutolewa wazi. Toa ushahidi kwamba maneno ya shahidi hayakuwa na nia mbaya."

Twilumba alivuta kiti, akaketi mbele ya lile tundu la sauti. "Utapata ushahidi mpaka ushibe. Kandidus, njoo hapa."

"Nije kufanya nini?"

"Kunitukana. Na umfafanulie."

*

Kazi ile ilichukua mchana wote. Mwanzoni Kandidus alikuwa baridi, kila neno analipima, mpaka Twilumba alipomwambia kwamba hata kreni yake alipewa kwa huruma, maana Wangoni wanaogopa kupanda hata kitanda. Hapo damu ikamchemka. Alimjibu, akaongeza, akasimama, akatumia mikono. Akamweleza Karani kwamba Wahehe walipokuwa wakigawiwa akili, huyu mama alikuwa foleni ya midomo. Twilumba akaeleza kwamba Mngoni ukimpa maji anauliza nyama iko wapi. Daktari Raya, aliyekuja kwa dakika moja, aliketi sakafuni na sweta zake na hakuondoka.

Karani aliuliza maswali ya kitoto, na walimjibu kwa subira.

"Shahidi amesema atachukua viatu. Je, ni wizi?"

"Ni haki yake," Twilumba alisema. "Nikifa atavichukua mbele ya watu, nao watacheka. Na baadaye atavirudisha."

"Kwa nini avirudishe?"

"Kwa sababu havimtoshi," Kandidus alisema. "Ana miguu midogo kama ya kuku."

"Ikiwa mtani ana nia mbaya kweli, nitajuaje?"

Hapo walitazamana. Lilikuwa swali la haki, na Twilumba alilifikiria kabla ya kujibu. "Mtani mwenye nia mbaya hukuheshimu," alisema. "Anakuita kwa jina lako lote. Anakutakia afya njema. Huyo ndiye wa kumwogopa. Na muulize jambo hili: nikianguka mnarani, wewe utakuwa wapi? Usisikilize anavyosema. Sikiliza kama anajua jibu."

"Shahidi, mshiriki akianguka mnarani, utakuwa wapi?"

"Chini yake, nikimcheka," Kandidus alijibu papo hapo. "Alianguka mara mbili. Mara zote nilikuwa nimeshaupeleka mkono wa kreni kabla kamba haijakatika, kwa sababu namsikia anavyopumua redioni, najua akichoka. Ndiyo maana nilijua ana ugonjwa kabla yake. Nilimwambia, akanitukana."

"Alinitisha," Twilumba alisema. "Ndiyo maana nilimtukana."

Kioo kikawaka na kuzima, kikawaka tena. Mahali fulani kwenye kituo kengele ililia mara moja, kavu, kutangaza kwamba orodha imefungwa. Saa kumi. Mikono ya Twilumba ilikuwa magotini, naye aliitazama. Daktari aliinamisha kichwa. Kandidus alikuwa katikati ya sentensi, akaiacha ilipofika.

"Swali la mwisho," Karani alisema. "Mshiriki akifariki, shahidi atafanya nini?"

Mchana ule wote Kandidus alikuwa amejibu swali hilo kwa namna ishirini. Angecheza juu ya kaburi, angemwoza jogoo, angegoma kubeba jeneza kwa sababu ya uzito wa maneno yaliyomo. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akajaribu tena.

"Nitalia," alisema.

Kioo cha Karani kikawaka. "Jibu hilo halilingani na yale mliyonifundisha. Je, ni utani?"

Uso mpana wa Kandidus, mkavu siku zote, ulikuwa umelowa, naye hakujifuta.

"Si utani," Twilumba alisema. "Liandike hivyohivyo lilivyo."

"Limeandikwa. Pingamizi limekubaliwa. Mafaili kumi na tisa yamefunguliwa kwa awamu ijayo. Nitayasoma kwa mpangilio wa walivyoomba."

Twilumba aliinuka. Haikuwa rahisi, alishika ukingo wa kiti, akasubiri chumba kitulie, akakataa mkono wa daktari. Alitaka kuyasikia majina akiwa wima.

"Wa kwanza: Lutengano Mhiche. Anasubiri. Wa pili: Edo Chengula. Anasubiri."

"Huyo hasubiri tena," Twilumba alisema. "Lakini usimfute. Andika kwamba alifaa."

"Edo Chengula," Karani alisoma upya. "Alifaa."

Akaendelea. Majina yalitoka moja baada ya jingine, kwa ile sauti isiyo na haraka, na Twilumba aliyajua yote, na kwa kila jina aliuona mnara wake na mtu wake juu yake. Wanne walikuwa wamekwisha kufa, na kila mara alimsimamisha Karani, na kila mara Karani alirekebisha. Mapafu yake yalikuwa yanawaka. Hakuketi. Hajawahi, hata siku alipofika kileleni mara ya kwanza, kujisikia mrefu namna ile.

"Wa kumi na tisa," kabati lilisema, "Twilumba Kihwele."

"Nipo," alijibu.